Baiskeli Iliyongoja Stars

Joakim Magese wa Nkoma hakuwa mchawi, ingawa wapo waliosema hivyo. Hakuwa mganga pia. Alikuwa mpima pamba, mtu wa mzani, mwenye watoto watatu na mke mmoja aliyemzidi akili, na kwa karibu miaka ishirini aliamini kwamba timu ya taifa, Taifa Stars, hushinda au hufungwa kulingana na mambo yanayotokea nyumbani kwake.

Imani hiyo ilizaliwa siku moja na binti yake mkubwa. Ulikuwa mwaka 1979, msimu wa kuuza pamba, Stars ikiwa ugenini kutafuta tiketi ya kwenda Lagos kwenye Kombe la Afrika. Joakim alikuwa amechuchumaa nje ya zahanati, mkewe Nyanjige akiwa ndani na uchungu, na redio ya mganga wa zahanati ikiwa dirishani. Mtangazaji akapaza sauti kwamba mpira umekwisha, Tanzania inakwenda Lagos. Papo hapo mtoto akalia. Joakim alisikia sauti mbili kwa mpigo, na hakutokea mtu baadaye aliyeweza kumshawishi kwamba hazikuwa sauti moja. Mtoto akaitwa Specioza. Baba yake alitaka aitwe Lagosi, lakini Nyanjige, pamoja na uchovu wote ule, alibakiwa na nguvu za kusema hapana.

Baada ya Lagos, kimya. Miaka ikapita, makombe yakapita, na Stars ikawa inaondoka na matumaini na kurudi na maelezo. Watu wengine walilaumu makocha, wakalaumu viatu, wakalaumu chakula cha kambini. Joakim alijilaumu mwenyewe. Usiku na mchana aliwaza, mpaka akaigundua kanuni, na kanuni yenyewe ilikuwa hivi: dunia husogea pale jambo linapotokea kwa mara ya kwanza. Mtoto wa kwanza, tiketi ya kwanza. Lakini kila nyumba ina mambo ya kwanza machache tu, na ukiyatumia ovyo yatakwisha kama mbegu ya pamba iliyopandwa kabla ya mvua. Basi dawa ni kuyatunza, na kuyatoa siku ya mechi.

Alianza na jino. Mtoto wake wa pili, Ngassa, alilegea jino lake la kwanza siku ya Jumanne, na mechi ilikuwa Jumamosi. Joakim akampiga marufuku kula mahindi ya kuchoma, kula nyama na kucheka. Siku nne kijana huyo aliishi kwa uji na huzuni. Jumamosi saa kumi alasiri, refa alipopuliza kipenga cha kuanza, Joakim akalivuta jino kwa uzi. Stars ikashinda moja bila. Ilikuwa mechi ya kirafiki, na goli lenyewe wapinzani walijifunga, lakini hayo ukimwambia Joakim alikuangalia kwa huruma.

Ikafuata nyumba. Alikuwa ameezeka mabati yote isipokuwa bati moja la mwisho, lililobaki limeegemezwa ukutani miezi miwili likingoja mechi ya kufuzu. Mvua za Novemba zikakuta tundu, zikaingia zikalala na wenye nyumba. Siku ya mechi akapanda na nyundo, akapigilia msumari wa mwisho dakika ya tisini, na Stars ikafungwa mbili. Alishuka kwenye ngazi akiwa ameshapata sababu. Jirani yao Lukresia aliwahi kujikinga mvua ukumbini kabla nyumba haijakamilika, kwa hiyo bati lile halikuwa la kwanza barabara, lilikuwa limeonjwa. Hakumsalimia Lukresia mpaka pamba ya mwaka uliofuata ilipoota.

Na mtoto wa mwisho, Benedikta, alipofika umri wa kutembea, kila alipojaribu kusimama baba yake alimkalisha. "Bado, mayu, mama yangu, bado. Jumapili." Jumapili ikafika, Joakim akamsimamisha katikati ya uwanja wa nyumba, redio ikiwa kwenye kigoda, na mtoto akatembea hatua nane bila kuyumba. Joakim alilia kwa furaha. Stars ikafungwa tatu. Wiki nzima alizunguka kichwa chini akitafuta kosa. Nyanjige alilijua kosa: mtoto alikuwa ameshatembea siku kumi nzima, kila baba yake alipokuwa mzanini. Akaendelea kusonga ugali.

Sasa ndipo ikaja baiskeli. Wenye umri wanakumbuka jinsi soko huria lilivyoingia. Maduka ya Bariadi, ambayo jana yalikuwa na rafu tupu na sabuni ya mgao, yakaamka yamejaa vitenge, redio, betri na baiskeli nyeusi za Kichina zinazong'aa hadi unajiona. Joakim alikuwa na mavuno mazuri mwaka ule. Akanunua baiskeli moja, akaipandisha juu ya basi, akaishusha Nkoma, akaibeba begani mpaka nyumbani, akaining'iniza darini kwa kamba ya katani.

"Mbona huipandi?" Nyanjige aliuliza.

"Hiyo si ya kupanda. Hiyo ni ya siku kubwa."

Siku kubwa ikakataa kuja. Baiskeli ikakaa darini mwaka mmoja, ikakaa mitano, ikakaa zaidi ya kumi. Kila mwezi Joakim aliishusha kidogo, akaitia mafuta mnyororo, akaipandisha. Kwenda mzanini alikwenda kwa miguu. Kwenda Bariadi kwenye mnada alikwenda kwa miguu. Wageni waliletwa kuitazama kama mkungu wa ndizi unaoivishwa. Na jambo ambalo watu hawakulifikiria ni kwamba Joakim hakujua kuendesha baiskeli, wala asingeweza kujifunza, maana kujifunza kungekuwa ndiko kupanda kwa mara ya kwanza.

Soko huria hilo hilo lilipofika kwenye pamba, wanunuzi binafsi wakamiminika na mizani yao, na mmoja wao akamtaka Joakim, kwa sababu mkono wake ulisifika kwa haki. Aanze Jumatatu. Joakim akakubali, ila akaomba aanze Jumamosi ya wiki ya tatu, saa kumi jioni. Tajiri akauliza kwa nini. Akaelezwa. Jumatatu hiyo hiyo akaanza mtu mwingine. Joakim alibaki na mzani wa chama cha msingi, ambao kwa wakati huo wakulima waliobaki kuutembelea walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wamefuata kivuli.

Katika nyumba hiyo ndimo Specioza alimokulia. Alikua msichana mrefu, mpole, mwenye kicheko kifupi, akijua tangu utoto kwamba yeye ndiye tiketi ya Lagos. Baba yake alimpenda kupita kiasi. Kila alipomtazama aliona goli. Lakini msichana akitazamwa hivyo miaka ishirini hufika mahali akatamani kutazamwa na mtu asiyejali mpira, na mtu huyo akapatikana ng'ambo ya mto. Aliitwa Kristofa, karani wa mnunuzi mmoja wa pamba, kijana mtaratibu ambaye alipoulizwa yeye ni Simba au Yanga alisema hajapata nafasi ya kufikiria.

Wazee wakakaa, mahari ikakubaliwa, na siku ikafika ya ng'ombe kuletwa. Baba yake Kristofa, mzee Masunga, alikuja na wenzake wakiswaga ng'ombe kumi na wawili. Desturi inajulikana. Ng'ombe wakishaingia wote kwenye zizi la baba wa binti, binti ameolewa, na vigelegele vinapigwa. Akibaki nje hata mmoja, binti bado yuko kwao. Na ng'ombe aliyetoka kwa ajili ya mahari harudi nyumbani, maana akirudi ni kusema ndoa imekataliwa, na hilo ni tusi la kuamsha mikuki.

Wakaingia kumi na mmoja kupitia uwazi wa uzio wa minyaa. Alipofika wa kumi na mbili, mtamba mwekundu, Joakim akalaza fimbo yake mlangoni.

"Huyu wa mwisho angoje, namhala," alisema kwa heshima apewayo mzee.

"Angoje nini, mkwe wangu?" Masunga aliuliza.

"Jumapili ijayo, saa kumi. Stars ina marudiano. Ikishinda inakwenda Kombe la Afrika. Mwanangu huyu alizaliwa na tiketi ya kwanza, ataolewa na ya pili."

Masunga alikuwa mzee aliyeona mengi, hata njaa ya nzige aliiona, lakini hili hakuwa amewahi kuliona. Alimtazama Joakim, akautazama uzio, akamtazama mtamba. Kumrudisha haiwezekani. Kumwingiza kwa nguvu kwenye zizi la mtu haiwezekani. "Haya," alisema. "Wiki moja si mwaka." Wakapiga kigingi mlangoni pale pale, wakamfunga mtamba, wakaenda zao.

Jumapili ile wageni wa Stars hawakuwasili. Mechi ikasogezwa wiki mbili. Baada ya wiki mbili mvua ikajaa uwanjani, ikasogezwa tena. Mara ya tatu redio ilisema tarehe itatangazwa. Na mtamba yuko mlangoni. Watu wakamwita Marudiano.

Upande wa Masunga waliona kwamba kabla hajaingia bado ni wao, akifa ni hasara yao, basi wakawa wanamletea majani asubuhi. Upande wa Joakim nao waliona kwamba akifa mlangoni mwao itasemwa wamemuua, basi wakawa wanampa majani jioni. Marudiano akala kwa mikono miwili wiki saba. Akanenepa, tumbo likatanda huku na huku, na wenye ng'ombe wa Nkoma, watu ambao hata gizani wangejua kwa kumpapasa kwamba huyu ana mimba ya miezi mingapi, walipita wakisema majani yale yamemkubali. Nyanjige alisema mara mbili kwamba mnyama huyu si shibe hiyo. Waliokuwepo walikuwa wanabishana juu ya beki wa kushoto.

Hatimaye tarehe ikatangazwa. Na wiki hiyo hiyo Kristofa akapata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Bariadi, aanze Jumatatu, usafiri ni lori la pamba linaloondoka ghalani ng'ambo ya mto Jumapili saa kumi na mbili na nusu. Asipokwenda, tajiri ana majina mengine. Soko lilikuwa huria, na huria yake ilikuwa ni hiyo.

Asubuhi ya Jumapili Specioza alimkuta baba yake anaanika betri za redio juani ili zipate nguvu.

"Baba, gari linaondoka saa kumi na mbili na nusu."

"Na mpira unakwisha saa kumi na mbili kasorobo. Muda tunao, mwanangu."

"Wakiahirisha tena?"

"Stars haiwezi kuahirisha mara nne."

"Na mimi je, baba? Mimi ninaweza kuahirisha mara ngapi?"

Joakim aligeuza betri moja upande wa pili. Hakuwa amekusudia ubaya. Alikuwa amesikia swali, lakini alilisikia kama mtu anavyosikia mvua akiwa ndani ya nyumba iliyoezekwa vizuri. Specioza akaingia ndani kufunga nguo zake kwenye kitenge.

Kufika saa kumi, uwanja wa nyumba ulikuwa umejaa. Masunga na wazee wake upande wa nje wa uzio, Joakim na wake upande wa ndani, Marudiano katikati, redio kwenye kigoda juu ya kinu. Mechi ikachelewa kuanza kwa nusu saa, na sababu haikutajwa. Joakim alikuwa ameshapanga kila kitu. Mtamba aingie Stars itakapofika kwenye shida kubwa kuliko zote, si kabla. Na kama mtamba hatoshi, baiskeli iko darini.

Kipindi cha kwanza, bila bila. Mapumziko, bila bila. Jua likaanza kulegea. Nyanjige alitoka jikoni, akasimama nyuma ya mumewe.

"Baba Specioza, mwachie mtoto aende."

"Dakika chache tu, Mama Specioza."

"Dakika zako nazijua. Nimelala chini ya dakika zako, zikininyeshea."

Dakika ya sabini mtangazaji akapaza sauti. Mshambuliaji wa Stars kaangushwa ndani ya boksi, refa kaonyesha nukta. Penalti. Nkoma yote ikasimama. Masunga, ambaye alikuja kwa hasira, naye akajikuta amesimama. Joakim akainua fimbo. "Mwingizeni," alisema, na sauti ilimkauka. "Mwingizeni sasa."

Vijana wakamfungua Marudiano, wakamsukuma. Marudiano akapiga hatua moja, akaingiza kichwa na miguu ya mbele, akasimama. Kisha taratibu, bila kujali ratiba ya mtu, akalala pale pale mlangoni na kuanza kuzaa.

Vurugu iliyofuata haielezeki. Wengine walisema avutwe, wengine walisema ng'ombe anayezaa haguswi. Wazee wa Masunga wakaanza kudai ndama ni wao kwa kuwa sehemu inayozaa iko nje. Wazee wa Joakim wakasema kichwa ndicho ng'ombe. Mtangazaji alikuwa anasema mpira umewekwa, mpigaji anarudi nyuma, refa anawatoa wachezaji nje ya boksi.

"Baba Specioza," Nyanjige alisema kwa utulivu, "mwanao ametoka."

Joakim akageuka. Specioza alikuwa ameshauvuka mlango. Alikuwa amemruka mtamba taratibu asimkanyage, kitenge cha nguo kichwani, akapita katikati ya wazee waliokuwa wakigombea ndama, na hakuna hata mmoja aliyemwona. Alikuwa njiani, mgongo wake kwao, akitembea bila kukimbia, kama mtu anayekwenda kisimani. Hakuwa anatoroka. Alikuwa ameondoka tu, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kumuaga.

Joakim alimtazama akienda. Miaka ishirini alikuwa ametunza kila jambo la kwanza la watoto wake, na hili, la binti yake kuondoka nyumbani kuolewa, lilikuwa linapita pale machoni pake, na yeye ameinua fimbo anasikiliza redio. Alimwona tena akiwa mtoto, hakumwona kama goli. Alimwona tu mtoto aliyelia zahanati, na akakumbuka kwamba siku ile aliuliza kwanza matokeo, ndipo akauliza kama mama ni mzima.

Akatupa fimbo. Akaingia ndani, akakata kamba ya katani kwa panga, na baiskeli ikashuka kwa mara ya mwisho. Akatoka nayo mbio, akaipitisha juu ya Marudiano, wazee wakimkwepa. "Joakim, penalti," mtu alimwita. "Joakim, inapigwa." Alisikia. Mwili wake wote ulisikia. Lakini miguu ilikuwa imeshakata shauri.

Akajaribu kupanda, akaanguka. Akapanda tena, akaenda hatua tano, akaingia kwenye shamba la mtu. Mara ya tatu tairi la nyuma, lililochoka kungoja, likapasuka kwa kishindo, na la mbele likaona haya likafuata. Nyuma yake kelele kubwa ikapanda kutoka nyumbani kwake. Ilikuwa kelele ya furaha au ya kilio, kwa umbali ule haikujulikana. Hakugeuka kuuliza.

Kwa taarifa yako wewe msomaji, penalti ilipaa juu ya mtambaa panya, na wapo wanaoamini mpaka leo haijatua. Ndama alizaliwa wakati huo huo, jike, wazee wakamlaumu yeye. Mechi iliishaje, nao walioisikiliza hadi mwisho hawapendi kuulizwa.

Joakim alifika ghalani ng'ambo ya mto akiisukuma baiskeli kwa rimu tupu, magoti yakitoka damu, shati limejaa pamba ya mashamba aliyoangukia. Lori lilikuwa limewashwa. Specioza alikuwa amekaa juu ya robota, Kristofa pembeni yake. Alipomwona baba yake akashuka haraka, akidhani amekuja kumrudisha.

"Mwadila, baba," alimsalimia, amesimama mbali kidogo.

"Mwadila, mwanangu." Joakim alihema mpaka maneno yakapata njia. "Nimekuletea baiskeli. Ni yenu."

Specioza akaitazama, akayatazama magoti. "Umejifunza lini kuendesha?"

"Sijajifunza. Nimeanguka mara tatu."

Akataka kumbariki, kwa maji ya mdomoni kama yeye alivyobarikiwa na wazazi wake, lakini mdomo ulikuwa umekauka kabisa. Kristofa akamletea maji kwenye kikombe. Joakim akapiga funda, akamnyunyizia binti yake kifuani na kwenye paji la uso, akasema, "Mhola duhu, amani tu. Nenda salama. Mtamba ameingia, nusu." Dereva akapiga honi. Specioza alikuwa anajifuta uso kwa ncha ya kitenge, maji ya baraka na yale mengine, akauliza swali ambalo katika nyumba yao lilikuwa kama salamu.

"Na Stars, baba? Wameshinda?"

Joakim akafikiri. Alitafuta ndani yake mahali ambapo jibu hukaa, akapakuta patupu, na hapakumuuma.

"Sijui," alisema. "Niliondoka kabla penalti haijapigwa."

Dereva akapiga honi mara ya pili, Specioza hakugeuka. Kisha akamshika mkono baba yake kwa mikono yake yote miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Kristofa akapandisha baiskeli kwenye lori.